Tanga kwenye meli ya injini: upepo unaohisiwa ni nini?

Tukiona tanga limejaa, wengi tunadhani upepo unalisukuma kutoka nyuma. Hutokea hivyo, lakini kwa meli ya mizigo inayotembea kwa injini hiyo ndiyo njia dhaifu kuliko zote. Chukua meli inayokwenda kilomita 21 kwa saa, na upepo unavuma kutoka tezi (nyuma ya meli) kwa kasi hiyohiyo. Aliyesimama kwenye sitaha hasikii upepo wowote, na tanga linaning'inia tu.

Sasa upepo uvume kutoka ubavuni, kilomita 28 kwa saa. Mwendo wa meli nao unazaa upepo wake kutoka omo (mbele ya meli). Vikiungana, tanga linapigwa na upepo wa kilomita 35 kwa saa, unaotokea mbele ya ubavu, kama nyuzi 53 kutoka omo. Huu ndio upepo unaohisiwa, na hesabu zote za tanga huanzia hapo.

Tanga lililotegwa vizuri hufanya kazi ya bawa. Hewa inayopita upande uliobinuka huenda kasi zaidi, shinikizo lake hushuka, na tanga huvutwa upande huo, kwa pembe mraba na upepo unaohisiwa. Kwa nyuzi zetu 53, sehemu 0.8 ya mvuto huo inaelekea mbele na 0.6 inaisukuma meli kando. (Usishangae jumla kupita moja, nguvu zilizo kwa pembe mraba hazijumlishwi hivyo.) Huo msukumo wa kando manahodha wa majahazi wanaujua vizuri: chombo kikibisha, yaani kikienda dhidi ya upepo, hupelekwa upande hata usukani ukishikwa sawasawa.

Tanga si lazima liwe kitambaa. Mwaka 1924 Mjerumani Anton Flettner alisimamisha minara miwili inayozunguka juu ya meli Buckau. Upande wa mnara unaokwenda pamoja na upepo huharakisha hewa, ule unaoupinga huichelewesha, na tofauti ya shinikizo huvuta meli. Kona ya mpira hupinda kwa sababu hiyohiyo. Kwa eneo lilelile, mnara huvuta mara kadhaa zaidi ya tanga la kawaida, ingawa unahitaji umeme wa kuuzungusha.

Mafuta ya bei nafuu yaliuzika ubunifu huo kwa miongo mingi. Mwaka 2018 meli ya mafuta Maersk Pelican ilifungwa minara miwili ya mita 30, na majaribio ya mwaka mmoja yakaonyesha imeokoa asilimia 8.2 ya mafuta. Pyxis Ocean ilifuata mwaka 2023 na mabawa magumu ya mita 37.5, yanayolazwa meli ikiwa bandarini.

Kwa maoni yangu, wanaopaswa kuwahi teknolojia hii ni wenye meli za mwendo wa pole. Meli ikizidisha kasi, upepo unaohisiwa husogea omo, mvuto karibu wote hugeuka kuwa wa kando, na kinachobaki juu ya sitaha ni mnara unaokinza hewa.