Kivinjari cha majaribio kisiwe kile unachoperuzia

Jioni nilifunga kompyuta majaribio yote ya tovuti yangu yakiwa ya kijani, yaani yamepita. Asubuhi, sijagusa hata mstari mmoja wa msimbo, yote yamegeuka mekundu. Usiku kivinjari kilikuwa kimejisasisha, dereva wake akabaki na toleo la zamani.

Majaribio hayo nayaandika kwa Selenium, zana ya kuendesha kivinjari kwa msimbo. Wengi wanaoanza hudhani inaongea na kivinjari moja kwa moja. Katikati yupo dereva, programu ndogo inayopokea amri kama "fungua ukurasa" au "bofya kitufe" na kuzifikisha. Kwa Chrome, namba ya mwanzo ya toleo la kivinjari lazima ilingane na ya dereva wake, ChromeDriver. Mwaka 2021 Chrome ilianza kutoa toleo kubwa kila wiki nne, kwa hiyo usipojipanga, tatizo hili litakurudia mara kwa mara. Firefox inavumilia zaidi: dereva wake, geckodriver, mmoja tu hukubali matoleo mengi.

Tangu Selenium 4.6 ya mwaka 2022, sehemu yake iitwayo Selenium Manager humtafuta dereva anayefaa na kumpakua yenyewe. Lakini ikikuta dereva yupo tayari kwenye PATH (orodha ya folda ambamo kompyuta hutafuta programu), humtumia huyo huyo, hata kama amepitwa na wakati. Hapo ndipo niliponaswa. Niliuliza kwenye terminali yuko wapi:

`which -a chromedriver`

Jibu likaja: `/usr/local/bin/chromedriver`. Nilikuwa nimemweka mwenyewe zamani, nikamsahau. Nilimfuta, majaribio yakarudi kijani.

Hata hivyo sikuishia hapo. Siku hizi natumia Chrome for Testing, Chrome ya majaribio iliyotoka 2023 kwa kazi hii hasa. Haijisasishi yenyewe, inabaki kwenye toleo ulilochagua mpaka uamue kulibadilisha. Naipakua ndani ya folda ya mradi kwa npx, amri inayokuja na Node.js:

`npx @puppeteer/browsers install chrome@stable`

Kisha narudia amri hiyo kwa `chromedriver@stable`. Namba kamili ya toleo inayoonekana kwenye terminali naiandika kwenye faili la mradi, ili mwenzangu apakue hiyo hiyo badala ya `stable`, ambayo wiki ijayo itakuwa nyingine. Kwenye msimbo naelekeza `binary_location`, mpangilio unaoiambia Selenium ifungue kivinjari kipi, kwenye kivinjari hicho.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni hili: usiyape majaribio profaili ya kivinjari chako cha kila siku. Kuki zako, yaani kumbukumbu ambazo tovuti hukutambua nazo, zimo humo, na akaunti zako ziko wazi. Jaribio la kuingia kwenye akaunti linaweza kupita kwa sababu tu wewe ulishaingia tangu jana, huku mteja mpya akikwama mlangoni. Dereva akiachwa na mipangilio yake ya kawaida, hufungua profaili ya muda, tupu kabisa. Mwache hivyo.

Ukipenda Playwright, zana nyingine ya kazi hii, `npx playwright install` hushusha Chromium, Firefox na WebKit zinazolingana na toleo lake. Ni mamia ya megabaiti, kwa hiyo ukiwa kwenye bando la simu taja unachohitaji tu: `npx playwright install firefox`.

Kwenye Mac, Safari inakuja na dereva wake. Andika `safaridriver --enable` mara moja, uweke nywila, basi.