Je, Wajua Kwa Nini Lenzi Kuukuu Huugeuza Ugali Manjano?

Nilipoanza kuupigia mkahawa mdogo wa Kisumu picha za chakula, ngege wa kukaanga alitoka vizuri. Ugali uliokuwa kando yake ulitoka manjano, utadhani umesongwa kwa mahindi ya msaada. Lenzi ilikuwa Super-Takumar ya milimita 50, ya Kijapani, toleo la miaka ya 1960 lenye vioo saba.

Nikalaumu jikoni: mafuta, moshi wa makaa. Nikaifuta kwa spiriti. Nikaifuta tena. Kisha nikasadiki kuwa ni uzee tu, kama gazeti lililosahaulika darini. Hata gundi inayounganisha vioo niliishuku, na hapo angalau sikuwa mjinga kabisa, maana gundi za kale nazo huweza kugeuka manjano. Lakini uchafu hukaa juu ya kioo. Rangi hii imo ndani ya kioo chenyewe.

Chanzo ni thoriamu, metali inayotoa mionzi. Oksaidi yake ilichanganywa na kioo kwa sababu kioo hicho hupinda mwanga sana bila kutawanya rangi zake ovyo.

Fikiria watoto wanaocheza mpira kando ya mtaro usiofunikwa. Teke kali huutupa mpira mtaroni, na ukishatumbukia hautoki wenyewe. Teke ni mionzi, mpira ni elektroni, na mtaro ni kasoro ndogo ndani ya kioo, ambacho atomi zake hazikujipanga safu kwa safu. Elektroni iliyokwama humeza mwanga wa buluu. Weupe ukipungukiwa na buluu, unaona manjano. Lenzi yangu ilikuwa imepigwa mateke kwa zaidi ya miaka 50.

Dawa ni jua. Miale yake ya urujuanimno ina nguvu ya kuutoa mpira mtaroni, na Kisumu, hapa ikweta, hatuna uhaba wa jua. Niliianika barazani, nyuma nimeifunika kwa foili, maana lenzi iliyoachwa wazi huweza kuchoma kitambaa. Joto likizidi, grisi huyeyuka. Baada ya wiki kadhaa ugali ukawa mweupe. Kama manjano yako yanatokana na gundi, sikuahidi kitu.

Kupigia picha hakuna hatari kubwa. Usikisage tu kioo. Na manjano yatarudi polepole, kwani nusu ya thoriamu huisha kwa takriban miaka bilioni 14. Mpishi aliposikia hayo aliniomba niiondoe lenzi kwenye rafu ya sukari.