Barua ya ada ya mwaka: usikimbie kabla hujapiga hesabu

Mwalimu mmoja mstaafu wa Igoma aliingia ofisini kwangu na barua tatu mkononi, zote za taasisi moja. "Mwanangu, nimestaafu wao ndiyo wanaanza kazi?" Barua zilisema kila akaunti ya uwekezaji wa uzeeni itakatwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Yeye alikuwa tayari kutoa kila kitu akanunue bajaji.

Nikamwomba salio. Ya kwanza milioni 21, ambako aliweka sehemu ya mkupuo wake. Ya pili milioni 1.4. Ya tatu 600,000, aliyofungua siku wakala alipokuja kunywa chai na walimu shuleni.

Ada ya namna hii ni kama nauli ya meli ya Nansio: mwenye furushi na mwenye mikono mitupu wanalipa sawa. Kwenye milioni 21, hiyo 30,000 haifiki hata asilimia 0.2. Kwenye 600,000 ni asilimia 5 kamili, kila mwaka, hata mwaka ambao uwekezaji umezalisha asilimia 4. Hapo akaunti inarudi nyuma huku mwenyewe akidhani inakua. Mimi mwenyewe niliwahi kusahau akaunti ndogo ya kazi yangu ya kwanza. Nilipoikumbuka, ada zilikuwa zimeimaliza. Nusu ya lawama ni yangu, sikuwahi kufungua taarifa zao.

Kwa hiyo swali la kwanza la kuwauliza: mnakata kwa akaunti au kwa mtu? Kama ni kwa akaunti, unganisha. Mwalimu alikuwa anaelekea kulipa 90,000 mahali ambapo 30,000 ingetosha. Uliza pia kama kuna kiwango cha salio kinachosamehewa ada, na kama unaweza kuilipa mfukoni. Wasipokuachia ulipe mwenyewe, watauza vipande vyako, yaani sehemu ndogo ndogo za mfuko ulizonunua kwa pesa yako, kufidia, na mwaka bei ya kipande ikiwa chini watauza vingi zaidi.

Lakini ada inayonikosesha usingizi haiji kwa barua. Ni ile ya asilimia. Kwenye mifuko ya vipande, gharama za usimamizi hutolewa kwanza, ndipo bei ya kipande inatangazwa. Huoni makato, unaona bei tu. Chukua milioni 10 kwa miaka 20: ikikua kwa asilimia 10 kwa mwaka inafika kama milioni 67, asilimia moja ikiliwa na ada, ukabaki na 9, unapata kama milioni 56. Milioni 11 zimeondoka na hakuna aliyepiga kelele. Hakuna mteja aliyewahi kuja kwangu na hasira juu ya hilo. (Kwangu mimi, mwenye kuandika barua ana afadhali.)

Kuhama nako kuna bei. Soma waraka wa mfuko uone kama kuna ada ya kujitoa, na kama inapungua ukikaa muda fulani. Wengine hunitajia hatifungani za serikali, yaani kuikopesha serikali kwa riba, maana tawi la Benki Kuu lipo hapa hapa Mwanza. Ni njia nzuri, riba inaingia mara mbili kwa mwaka. Ila ukihitaji mtaji kabla ya muda, utauza Soko la Hisa la Dar es Salaam kupitia dalali, kwa bei ya siku hiyo, naye atachukua chake. Mgonjwa hasubiri soko, na mwalimu ana presha.

Bajaji tuliiacha. Amejaza fomu mbili za kuhamishia akaunti ndogo kwenye ile kubwa, na kwenye barua ya kusindikiza tumeuliza kwa maandishi, siyo kwa simu, kama ada ya mwaka huu itakatwa kabla au baada ya kuunganisha. Jibu bado tunalisubiri.