Chupa kuonekana safi haimaanishi mgomba hauna bakteria

Watu wengi wa tishu kalcha ya migomba (kuotesha vipande vya mgomba kwenye chupa maabara) wakiona utando mweupe kwenye chupa wanakimbilia kuongeza klorini, eti kipandikizi, yaani kile kipande cha mgomba, hakikuoshwa vizuri. Sio lazima jamani, kuna bakteria kama kina Bacillus wanaishi ndani kabisa ya tishu na klorini inaishia juu juu tu, kwa hiyo chupa inaweza kukaa safi mizunguko kadhaa ya kuhamishia mche chupa mpya halafu ghafla unaona maziwa maziwa chini ya shina. Ukizidisha klorini unaua kipandikizi chenyewe. Antibayotiki nazo mara nyingi zinawalaza tu, ukiziondoa wanarudi. Bora ukate ncha ndogo zaidi, na kipande upime kwenye midia ya bakteria (chakula cha kuwaoteshea) kabla hujazalisha. Ila fangasi wa nyuzinyuzi wakitokea siku za mwanzo, hapo ndo ulaumu uoshaji au hewa.