Kipigo cha ndoa si msalaba

Mke aliyepigwa akipeleka kilio chake kwa wazee wa kanisa, mara nyingi huambiwa: "Vumilia mama, huo ndio msalaba wako." Usemi huu umezoeleka mno, hata mwenye kisukari au mwenye bosi mkorofi hujihesabia msalaba wake.

Luka 9:23 haisemi hivyo. Yesu anazungumza na mtu anayetaka kumfuata: ajikane, ajitwike msalaba wake kila siku. Mzigo huo huchukuliwa kwa hiari, kwa ajili ya Kristo. Kisukari nani alikichagua? Waliomsikiliza waliijua adhabu ya Warumi, mhukumiwa akibebeshwa mti hadi mahali pa kuuawa. Mwaka 71 KK, baada ya uasi wa watumwa ulioongozwa na Spartacus, mateka wapatao 6,000 walisulubiwa kandokando ya barabara ya kutoka Capua hadi Roma.

Tena watazame wenyewe walivyoishi. Yesu alipookotewa mawe hekaluni, alijificha akatoka. Paulo, yule aliyeandika kwamba amesulubiwa pamoja na Kristo, alitoroka Dameski akiwa ndani ya kapu, akishushwa ukutani. Na kule Yerusalemu, kamba zikiwa tayari mwilini na mijeledi ikisubiri, alidai haki yake ya uraia wa Rumi. (Wahubiri wengi huiruka sehemu hii.)

Kujikana ni kuua ubinafsi: kiburi, tamaa, kutaka kutumikiwa. Katika nyumba ile, anayepaswa kuanza ni mume. Mke anaweza kufunga virago na kwenda dawati la jinsia polisi bila kumkosea Mungu.