Usiiwashe kwanza

Kila anayefika na kompyuta ya zamani ndani ya boksi kwenye kibaraza chetu Kirumba, Mwanza, Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ana ombi moja: "Fundi, tuiwashe basi tuone kama ni nzima." Namjibu vilevile siku zote. Hapana. Kaa, kunywa chai, tufungue skrubu kwanza.

Huwa tuko saba, wakati mwingine wanane. Kuna fundi simu wa Makoroboi, vijana wawili wa chuo, mama mwenye saluni jirani na hapa, na mwalimu mstaafu ambaye kila mmoja wetu humpa shikamoo kabla hajagusa bisibisi. Mimi ni fundi wa redio na runinga kwa zaidi ya miaka ishirini. Tunachofungua ni kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980: Commodore 64, ZX Spectrum, BBC Micro, na mara mojamoja Amiga. Ni zile mashine ambazo kibodi na kompyuta ni kitu kimoja. Isipokuwa Amiga, unaichomeka kwenye runinga, unaiunganisha na mashine ya kaseti, ukiiwasha inakaa inakusubiri uandike BASIC, lugha ya kuandikia programu. Haina kitu cha kupakua wala cha kukubali masharti.

Napenda mashine hizi kwa sababu moja ambayo simu ya leo haiwezi kunipa. Naweza kumwonyesha kijana wa miaka kumi na tisa bodi nzima, nikaweka kidole juu ya kila aisii, yaani chipu, na kumwambia kazi yake, na tukamaliza kabla jua halijazama nyuma ya Bismarck Rock, lile jiwe la ziwani. Hii ndiyo ubongo, hizi nane ni kumbukumbu, hii inachora picha, hii inatoa sauti. Akirudi nyumbani anakuwa ameijua kompyuta yote.

Ila hazikupita hapa kwa wingi enzi zake. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu, na hata runinga zilikuwa chache. Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini sisi wa bara tulisubiri mpaka 1994 kupata vituo vyetu. Sasa fikiria umebahatika kupata Spectrum mwaka 1986. Utaiona kwenye kioo gani? Ndiyo maana nyingi tunazoletewa zimekaa miaka thelathini na zaidi chini ya kitanda au juu ya kabati, zimefungwa kwenye kanga. Hazijachoka kwa kutumiwa. Zimechoka kwa kukaa.

Na mashine iliyochoka kwa kukaa huuawa siku inapowashwa kwa mara ya kwanza. Hilo nalisema kwa uchungu, maana nimezika kadhaa ambazo zilikuwa hai mpaka dakika ile mwenyewe aliposhindwa kuvumilia.

Chukua Commodore 64, iliyotoka 1982. Ubongo wake, 6510, unakwenda kwa takriban megahezi moja tu, lakini aisii yake ya sauti, SID, bado wanamuziki wanaitafuta hadi leo. Hatari haimo ndani yake. Imo kwenye lile tofali la umeme linalokaa sakafuni. Linatoa njia mbili, volti 5 DC (umeme wa upande mmoja) na volti 9 AC (umeme unaogeukageuka), na ndani yake limemiminiwa gundi ngumu kiasi kwamba huwezi kulifungua bila kulivunja. Kidhibiti chake cha volti kikizeeka, ile volti 5 hupanda. Ikizidi tano na nusu, aisii za kumbukumbu zinaanza kufa kimyakimya wakati wewe unashangilia maandishi ya bluu. Kwa hiyo tofali la zamani mezani kwetu haliruhusiwi, hata kama linaonekana jipya. Tunatengeneza lingine: transfoma ya volti 9, na pembeni adapta nzuri ya volti 5. Usidharau ile AC ukadhani haina kazi, kwa sababu saa za ndani ya mashine zinahesabu mapigo ya umeme wa hertzi 50 kutoka hapo hapo.

BBC Micro ina mtego mwingine. Kwenye pawasaplai yake, sehemu inayoipa umeme, kuna kapasita (vihifadhi umeme vidogo) za karatasi, zenye ganda linaloonekana kama kioo cha rangi ya asali. Ganda hupasuka nyufa ndogondogo, unyevu unaingia kwenye karatasi, na ukiwasha, baada ya dakika chache kapasita inatoa moshi mzito unaowakimbiza watu wote chumbani. Kompyuta yenyewe mara nyingi haidhuriki. Lakini kwa nini usubiri moshi, wakati kapasita mbili mpya za plastiki zinabadilishwa kwa nusu saa?

Hapa niseme kidogo juu ya ziwa. Mafundi wenzangu wa Dar wanapambana na chumvi. Bodi zinaliwa na kutu ya kijani kutokana na upepo wa bahari. Maji yetu ni baridi, hayana chumvi, na hilo limeokoa bodi nyingi. Shida yetu ni unyevu wa masika, mijusi, mende, na vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka kama moshi juu ya maji halafu vinafuata taa. Nimefungua Commodore moja nikakuta vimejaa kwenye matundu ya hewa kama pumba. Brashi laini na spiriti ya isopropili vinatosha, ukiwa na subira. Jambo jingine ni pua. Amiga 600 na 1200 za mwaka 1992 zina kapasita ndogo zinazovuja, na maji yake ukiyagusa na pasi ya kuchomelea yananuka shombo la samaki. Mafundi wa kwingine huitumia harufu hiyo kujua zilizovuja. Hapa Kirumba, upepo ukitoka soko la samaki la Mwaloni na dagaa wameanikwa, pua haikusaidii. Sisi tunatumia lenzi.

Betri iliyovuja kwenye baadhi ya Amiga ni rahisi zaidi kuliko watu wanavyoogopa. Zile za nikeli-kadmiamu hutoa alkali, kwa hiyo inatulizwa na asidi dhaifu: siki au maji ya ndimu kwa pamba, halafu unaosha kwa spiriti na kukausha. Fanya leo, maana inaendelea kula njia za shaba hata mashine ikiwa imezimwa.

Sasa Spectrum ya mwalimu. Hiyo ndiyo iliyonifanya nikae kuandika.

Alirudi nayo kutoka masomoni Uingereza, akaitumia kidogo kwa runinga ya jirani aliyekuwa amenunua kwa ajili ya kutazama video, kisha akaihifadhi. Miaka kadhaa iliyopita mjukuu wake alichukua adapta ya redio, ikaingia vizuri tu kwenye tundu, akaichomeka. Hakuna kilichotokea. Wakairudisha kwenye boksi.

Adapta kuingia kwenye tundu si ushahidi wa chochote. Spectrum inataka volti 9 DC, na ncha ya katikati lazima iwe hasi. Karibu kila adapta utakayonunua mjini leo, katikati ni chanya. Plagi ni ileile, umeme umegeuka. Kama utakumbuka jambo moja tu kati ya niliyoandika hapa, kumbuka hilo, na uweke mita kwenye plagi kabla ya kuipeleka kwenye mashine.

Tulipoifungua tulianza na upimaji. Spectrum ya 48K ina kumbukumbu za aina mbili. Kilobaiti 16 za chini zinakaa kwenye aisii nane za 4116, na hizo ni za enzi ya kale kweli: zinadai volti tatu tofauti. Mguu wa 1 unataka hasi 5, wa 8 unataka 12, wa 9 unataka 5. Aisii moja inabeba biti moja ya kila baiti, kama wapagazi wanane waliogawana mzigo mmoja. Mmoja akianguka, kila baiti inafika ikiwa na pengo mahali palepale. Kilobaiti 32 za juu zina historia ninayoipenda sana. Sinclair, waundaji wa Spectrum, walinunua aisii kubwa za kilobiti 64 ambazo nusu yake ilikuwa mbovu kiwandani, wakatumia ile nusu nzima. Ndivyo walivyoishusha bei, na mashine imefanya kazi miaka arobaini.

Ya mwalimu ilikuwa haina hata volti 5. Kidhibiti chake cha volti 5, kiitwacho 7805, kilikuwa kimekufa. Tukakibadilisha, tano ikarudi, lakini 12 hakuna, na hasi 5 hakuna. Hapo kila anayezifahamu Spectrum anajua pa kwenda: transista ya TR4, inayoendesha koili ndogo ya kuzalisha volti hizo mbili. Ilikuwa imeshoti. Hapa nilimzuia kijana asiweke transista mpya na kuwasha papo hapo, kwa sababu 4116 ikipata 12 bila hasi 5 inaungua. Tulipima koili, tukapima diodi, tukabadilisha kapasita zote za elektroliti, ndipo tukaweka TR4 mpya. Jioni nzima ilikwisha kwa kazi hiyo, na mwalimu alikaa kwenye kiti chake bila kuuliza hata mara moja kama tumemaliza.

Kioo kilikuwa runinga ya kichogo. Mwaka 2013 matangazo ya analojia yalipozimwa Mwanza, watu wengi waliziweka nje runinga zao, na mimi nikazikusanya. Kwa kompyuta hizi hazina mfano. Tulipowasha, ilitokea mistari ya wima yenye rangi. Kijana akasikitika, mimi nilifurahi, kwa sababu mistari maana yake aisii ya picha inafanya kazi, na tatizo huenda ni kumbukumbu. Tuligusa aisii nane kwa kidole, moja baada ya nyingine. Ya sita ilikuwa ya moto. Tukaitoa, tukaweka soketi na nyingine kutoka bodi ya vipuri. Kioo kikawa cheusi kidogo, kikawa cheupe, na chini pakaandikwa haki ya Sinclair Research, 1982.

Mama wa saluni aliuliza kama tunataka alisafishe ganda. Yeye ndiye mtaalamu wetu wa plastiki iliyogeuka njano. Ile krimu ya haidrojeni peroksaidi ya asilimia 12 anayotumia kwenye nywele, akiipaka juu ya ganda, akalifunga kwa nailoni na kuligeuzageuza juani, Commodore ya rangi ya chai inarudi karibu na rangi yake. Anavaa glavu, na haliachi ganda lipate joto sana lisije likapinda. Mimi binafsi ningeacha njano ilivyo, maana mara nyingi hurudi. Ila Spectrum ni nyeusi, haihitaji.

Mwezi uliofuata mwalimu alileta kaseti. Juu yake alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino: ALAMA.

Kaseti ya umri huo usiicheze mara moja. Kwanza izungushe mbele mpaka mwisho, uirudishe, ili utepe ulioshikana uachiane. Angalia kama kile kitakia kidogo cha sponji nyuma ya utepe bado kipo. Safisha hedi ya redio kwa spiriti. Kisha, ukiwa na bisibisi ndogo, zungusha skrubu ya pembeni ya hedi polepole mpaka mlio usikike mkali kuliko wote. Tulirekodi mlio huo kwenye simu, katika faili la WAV na si MP3, kwa sababu ubanaji unaharibu mapigo. Baada ya hapo kaseti ilirudi mfukoni mwa mwalimu, na simu ikawa ndiyo redio: waya kutoka tundu la spika za masikioni hadi tundu la EAR la Spectrum, sauti juu kabisa.

Mara mbili tulipata R Tape loading error. Mara ya tatu mistari myekundu na ya samawati ilitulia pembeni mwa kioo, likaandikwa Program: alama, halafu mistari ya njano na bluu ikaanza kukimbia. Mlio ulipokoma, kioo kilisema 0 OK.

Kijana alinyoosha kidole kwenye herufi R, ambayo kwenye Spectrum ndiyo RUN. Mwalimu akamshika mkono.

"Usiiwashe kwanza," alisema.

Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nimesahau. Spectrum ikihifadhi programu kwenye kaseti, inahifadhi pia data zilizomo. Lakini RUN hufuta data zote kabla ya kuanza. Majina aliyoyaingiza yangepotea kwenye kumbukumbu kwa kubonyeza R na ENTER tu. Aliandika LIST, akasoma programu yake mwenyewe mstari kwa mstari, midomo ikicheza, mpaka akafika sehemu ya kuonyesha matokeo. Kisha akaandika GO TO 300.

Majina ya wanafunzi wa kidato cha pili wa mwaka 1987 yakaanza kushuka, kila jina na alama zake. Kioo kilipojaa mashine ikasimama na kuuliza, kama inavyouliza siku zote: scroll?

Fundi simu alitaka kubonyeza ili tuone wengine.

"Subiri baba," mwalimu alisema, akivuta kiti karibu na kioo. "Bado nasoma hawa."