Je, wajua? Wanyama wanapitaje msimu wa baridi, na mtoto mdogo unamweleza vipi

Mtoto wa miaka minne mitano ukimwonyesha picha ya msitu umefunikwa na theluji atakuuliza tu, sasa wanyama wako wapi, si watakufa na baridi? Wengi tunakimbilia kujibu ati dubu amelala, basi stori imeisha. Mi naona tuanzie kwenye njaa kwanza. Baridi ni kweli ni shida lakini shida kubwa zaidi ni msosi, majani yamepukutika, wadudu hawaonekani, ardhi imeganda, na mwili unahitaji chakula kingi ndo upate joto. Mtoto akishika hilo, mengine anayabuni mwenyewe, muulize tu "ungekuwa wewe ungefanyaje?" utashangaa, mmoja atasema nahama, mwingine naficha chakula, mwingine nalala mpaka baridi iishe.

Na kweli ndo wanavyofanya. Mbayuwayu wa Ulaya anafuata wadudu mpaka kusini mwa Afrika, karibu kilomita 10,000, kandege kadogo vile! Kindi anafukia njugu ardhini (nyingine anazisahau zinaota miti). Nyuki wa asali hawalali usingizi mrefu wa msimu wa baridi, wanajikusanya wakamzunguka malkia, wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili wapate joto, huku wanakula asali waliyoiweka, na madume walishafukuzwa mapema maana wanakula bure tu.

Ila anayewaacha watoto mdomo wazi ni chura wa misituni wa Alaska na Kanada. Huyu anaganda kabisa, yaani ukimshika ni mgumu kama jiwe, moyo umesimama, hapumui, sehemu kubwa ya maji ya mwilini imekuwa barafu. Kinachomwokoa ni sukari, ini lake linamwaga glukosi nyingi sana kwenye damu, inaingia ndani ya seli na kuzilinda zisikauke na kupasuka, barafu inabaki nje ya seli. Joto likirudi anayeyuka, moyo unaanza kudunda, anaruka zake kama hakuna kilichotokea.

Maneno matupu yakiwachosha fanya jaribio hili, chukua mfuko wa plastiki paka ndani mafuta ya kupikia yale yaliyoganda, mengi, halafu ingiza mfuko mwingine ndani yake ili mkono usichafuke. Mtoto avae huo mkono mmoja, mkono wa pili avae mifuko mitupu isiyo na mafuta, atumbukize mikono yote miwili kwenye beseni la maji ya barafu. Mkono mtupu atautoa fasta na kelele juu. Hapo hata huna haja ya kumweleza kwa nini sili, yule mnyama wa bahari za baridi, ana mafuta mazito chini ya ngozi.

Sasa jiandae, swali la dubu na choo (akilala miezi yote hiyo anajisaidia wapi?) lazima lije, mi sijaona darasa likaliruka. Jibu ni kwamba dubu mweusi anaweza kukaa miezi hata mitano au zaidi hali, hanywi, hakojoi wala haendi haja kubwa, anaishi kwa mafuta aliyonenepea, na ile takataka ambayo ingetoka kwenye mkojo mwili unaigeuza tena kuwa protini, ndo maana misuli haiishi. Na jike anazaa humohumo pangoni katikati ya baridi, watoto wananyonya wee mpaka theluji iyeyuke.